Niliacha Nyumba ya Bibi Nje ya Picha

Nilifanya kosa ambalo mpiga picha yeyote anayependa picha kali anaweza kulifanya. Nilichukua lenzi ya makro, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, nikaifanya lenzi yangu ya kila siku. Nilikwenda nayo harusini, kwenye ubatizo, kwa wazee majumbani na hifadhini Mikumi. Hakuna aliyenidanganya. Niliamua mwenyewe, na hasara kubwa iliwafika watu walioniamini.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri, na ndiyo maana nilichelewa kushtuka. Mwaka 2017 ilithibitika kwamba viwavijeshi vamizi wameingia Tanzania. Maafisa ugani wakawa wanawaeleza wakulima wa mahindi namna ya kumtambua mdudu huyu: kichwani ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba. Kwa maneno ni rahisi. Shambani, kiwavi mchanga amejificha ndani ya majani machanga ya mhindi, na ukimpiga kwa simu ya kawaida unapata ukungu. Afisa ugani mmoja wa Kilosa aliniomba picha ambazo mkulima angeziona na kuelewa papo hapo. Kamera nilikuwa nayo, lenzi ya kazi hiyo sikuwa nayo. Nikapanda basi hadi Dar es Salaam, nikazunguka Kariakoo, nikarudi na lenzi ya makro ya mtumba, milimita 100, f/2.8.

Ilifanya kazi yake sawasawa. Lenzi ya makro iliyokamilika huweza kumweka mdudu kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, kwamba milimita moja ya kiwavi inakuwa milimita moja kwenye sensa. Ile Y ilitoka wazi. Vinyweleo vya mgongoni vilionekana kimoja kimoja. Wakulima walioonyeshwa walisema, "Ndiye huyu!" na mimi nikaamini nimepata lenzi ya maisha.

Hapo ndipo nilipopotea. Niliona ukali, nikadhani ukali ndio ubora wa picha. Nilijiambia kwamba lenzi inayoonyesha kinyweleo cha kiwavi haiwezi kushindwa na uso wa mtu. Nilisoma pia kwamba wapiga picha wengi duniani wanaitumia makro kwa nyuso, na hilo ni kweli: lenzi ya Tamron ya milimita 90 iliyotoka mwaka 1979 ilipendwa na wanaopiga wadudu na wanaopiga nyuso vilevile. Nilichukua nusu ya ukweli huo. Sikujiuliza wapiga picha hao wanafanyia kazi kwenye vyumba vya ukubwa gani, kwa kamera za aina gani, na mikobani mwao wana lenzi ngapi nyingine. Ile lenzi iliyokuja na kamera yangu, ya milimita 18 hadi 55, nikaiuza ili kupunguza gharama. Nikabaki na moja.

Kuna hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kuuza. Kamera yangu ina sensa ndogo, upana wake kama milimita 22, sawa na kamera nyingi za bei ya kawaida. Kwenye sensa hiyo, lenzi ya milimita 100 huona eneo jembamba mno. Ukitaka mtu mzima aliyesimama aingie kuanzia kichwani hadi viatuni, lazima urudi nyuma kama mita 8. Familia iliyojipanga kwa upana wa mita 4 inakutaka urudi mita 18. Sebule nyingi nilizoingia Kilosa, zikiwa na makochi, meza ya kioo katikati na kabati la vyombo, hazinipi hata mita 4. Nikibana mgongo ukutani napata kichwa na kifua, basi.

Kwa hiyo nikawa mpiga picha wa vichwa. Mteja akitaka picha ya kusimama, namtoa nje, navuka barabara, nasimama upande wa pili, bodaboda zinapita katikati yetu huku nikimwita kwa sauti: "Mama, inua kidevu kidogo!" Mtu akielekezwa kwa kelele mbele ya majirani hawezi kutulia. Nyuso nyingi nilizopiga kipindi kile zina wasiwasi, na wasiwasi huo niliuleta mimi.

Ndani ya nyumba kulikuwa na shida nyingine. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, kwa f/2.8, sehemu inayotoka kali ina kina cha kama sentimita mbili na nusu tu. Ukikamata kope, sikio limeshapotea. Mume na mke wakikaa bega kwa bega, mmoja akitangulia kidogo, mwingine anakuwa kivuli. Dawa yake ni kubana tundu la lenzi hadi f/8, lakini ukibana unapoteza mwanga, na lenzi ndefu kama ile, isiyo na kitulizaji, inataka kasi ya shata isiyopungua 1/160 ili mtikisiko wa mkono usionekane. Sebuleni, saa kumi na mbili jioni, na taa moja ya dari, huwezi kuvipata vyote viwili. Nilichagua f/2.8 kila mara, kisha nikawaambia wateja kwamba ukungu ule ndio mtindo wa kisasa.

Halafu kuna fokasi. Lenzi ya makro ina safari ndefu ya kutafuta, kutoka sentimita 31 mbele yako hadi mbali kabisa. Ikikosa kukamata, huenda hadi mwisho wa safari ndipo irudi. Ubavuni mwake ina swichi ya kuizuia isihangaike na vitu vya karibu. Mimi niliiacha wazi, kwa kuwa asubuhi nilikuwa na wadudu na jioni nilikuwa na watu, na sikutaka usumbufu wa kukumbuka. Kwenye harusi moja, bwana harusi alipokishika kidole cha bi harusi amvishe pete, lenzi ikaanza kwenda na kurudi. Nilibonyeza, kamera ikakataa. Ilipokamata, pete ilikuwa imeshavishwa na vigelegele vimeshapigwa. Nilizilaumu taa za ukumbi. Nikawaomba maharusi warudie, nao kwa ustaarabu wao wakarudia, na picha hiyo ya kuigiza ndiyo iliyomo kwenye albamu yao. Wao wanajua, na mimi najua.

Mikumi nako nilipewa somo lilelile, nikalikataa. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita ndani yake, kiasi kwamba abiria wa basi anaweza kuona tembo na twiga bila kushuka. Familia moja iliyokuja kutembea ilinikodi nifuatane nao hifadhini niwapige wakiwa na wanyama. Ndani ya gari lenzi ilikuwa ndefu mno kwa watoto waliokaa mbele yangu, na fupi mno kwa simba aliyelala mbali kwenye nyasi za mbuga ya Mkata. Kisha kundi la tembo likavuka njia mbele yetu, karibu kabisa. Watoto walisimama kwenye paa lililofunguliwa, wameshika midomo, wamesahau kila kitu. Nilipata jicho la tembo, mikunjo ya shavu lake na ncha ya pembe. Tembo mzima kutoka ubavuni, kwa lenzi ile na kamera ile, anahitaji zaidi ya mita 25, na sisi hatukuwa nazo. Watoto na tembo katika fremu moja sikupata hata mara moja. Picha kali kuliko zote siku ile ilikuwa ya mbung'o aliyetua kwenye kioo cha gari, mabawa yake yamelaliana mgongoni. Baba yao alinilipa kwa adabu, na picha alizowatumia ndugu zake zilikuwa za simu yake. Safari hiyo nililaumu umbali wa wanyama.

Aliyenizindua ni bibi mmoja wa Kilosa.

Alikuwa akiishi sehemu ya chini ya mji, si mbali na Mto Mkondoa. Mafuriko ya Desemba 2009 kuingia Januari 2010, yaliyokata reli na kuwapeleka watu wengi kwenye mahema, yalimchukulia sanduku lake la picha: za harusi yake, za marehemu mumewe, za watoto wakiwa wadogo. Nyumba yenyewe ilisimama. Miaka ikapita, na watoto wakakubaliana ahamie kwa binti yake Morogoro mjini. Mwanawe mkubwa akanifuata kibandani kwangu. "Kaka, tunataka Mama apigwe picha kabla hajahama," akasema. Maneno mawili ya mwisho yalikuwa ndiyo kazi yenyewe, nami sikuyatilia maanani.

Nilimkuta barazani amevaa kitenge kipya, ua limefagiliwa, mistari ya ufagio bado iko mchangani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, pita uone."

Alinitembeza. Alinionyesha mlango wa mninga aliouchonga mumewe. Alinionyesha mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya magoti, mahali maji yalipofika, ambao hakukubali upakwe rangi. Alinionyesha mwembe alioupanda alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Niliitikia kila alichosema. Kisha nikamwomba akae karibu na dirisha, nikapiga uso wake. Nikapiga mikono yake juu ya ungo. Nikapiga hereni, kope, mishipa ya kiganja. Niliondoka na furaha kubwa. Niliona ndiyo kazi yangu bora.

Nilisafisha picha kwa karatasi kubwa, nikazipeleka mwenyewe Morogoro. Alizipokea kwa mikono miwili, akasogea kwenye mwanga, akaanza kuzitazama moja moja. Ile ya uso aliishika muda mrefu. Kila kitundu cha ngozi kilionekana, kila doa, hata ukoko mdogo pembeni mwa mdomo ambao mtu aliyekaa naye asingeuona. Alipitisha kidole juu ya shavu lake kwenye karatasi.

"Mjukuu wangu, siku ile nilikuwa naumwa?"

"Hapana, Bibi. Lenzi ndiyo kali."

Akaendelea. Alipofika ya mwisho aliitikisa bahasha, akachungulia ndani kuona kama kuna nyingine. Kisha akaniuliza bila hasira yoyote: "Huyu ni mimi, nimejiona. Na nyumba yangu je?"

Nilianza kueleza mambo ya lenzi. Nikafika katikati, nikanyamaza, kwa sababu nilichokuwa nikisema hakikuwa jibu la swali lake. Mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa. Nadhani aliona aibu kwa niaba yangu.

Usiku ule nilifungua faili zote za siku ile nikautafuta mlango wa mninga. Niliupata kwenye picha moja, nyuma ya sikio la Bibi: mstari wa kahawia usio na umbo. Mwembe ulikuwa doa la kijani. Mstari wa tope haukuwemo kabisa. Nikafungua faili za kabla ya hapo, harusi, ubatizo, mahafali. Kope, pete, hina, meno, na nyuma yake rangi zilizochanganyika. Hakuna picha ambayo mtu angeitazama akajua ilipigwa Kilosa na si Dodoma au Tanga. Nilikuwa nimeishi kwenye mji wenye stesheni ya reli ya kati, mashamba ya mkonge, milima na mto unaokumbukwa kwa hofu, na kwenye kompyuta yangu mji huo haukuwepo. Ndipo nilipokubali kwamba taa za ukumbi hazikuwa na kosa, wala tembo, wala sebule ndogo. Kosa lilikuwa langu.

Nilirudi Kilosa haraka, nikaazima lenzi kwa mwenzangu. Nyumba ilikuwa imeshauzwa. Mnunuzi alikuwa ameezua mabati, mlango umeondolewa, mwembe umekatwa. Nilipiga nilichokikuta. Familia iliziona picha hizo, na hawakuzichukua.

Gharama zake ni hizi. Nilirudisha fedha zote za kazi ile. Familia haikuniita tena, ingawa sikusikia kwamba imenisema vibaya kwa mtu. Lenzi ndogo niliyoiuza nilinunua nyingine mfano wake kwa bei kubwa kuliko niliyouzia. Maharusi wana picha ya pete isiyo ya kweli. Na mlango wa mninga, ulionusurika na mafuriko yaliyochukua picha zote za nyumba hiyo, hauna picha popote.

Nimefikiri sana kwa nini sikuliona mapema. Nadhani ni kwa sababu lenzi ile ilinipa sifa kila siku. Mtu akiona kope moja moja anashangaa, anakusifu, na wewe unasahau kuuliza kama alichokuja kutafuta amekipata. Waliotutangulia katika kazi hii walilijua hili vizuri kuliko mimi. Capital Art Studio ya Unguja, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga watu studio, na ilipiga pia mitaa, sherehe na bahari iliyowazunguka watu hao. Angalia hata picha za posikadi zilizotundikwa kwenye kuta za wazee wetu: mtu amesimama mzima, viatu vinang'aa, mkono juu ya stuli yenye maua, nyuma pazia lililochorwa. Hakuna kope inayohesabika. Lakini unaona mtu aliyejiandaa, alivyovaa, alivyotaka watoto wake waje kumkumbuka. Mpiga picha alirudi nyuma kiasi cha kutosha ili mteja aingie na kila alichokuja nacho.

Sisemi makro ni mbaya. Bado ninayo, na kwa kiwavi, mbegu, pete, hina au vidole vya mtoto mchanga sijapata inayoishinda. Uso nao huweza kutoka vizuri sana. Kama ndiyo pekee uliyonayo leo, ifunge ile swichi ya ubavuni kabla hujaanza kupiga watu. Simama mita mbili hadi tatu, fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe, na bana tundu hadi f/4 au f/5.6 mwanga ukiruhusu. Mweke mtu kwenye kivuli cha baraza au kando ya dirisha lenye pazia jepesi, usimweke kwenye jua la saa sita wala taa ya pembeni inayochimba kila mkunjo. Wakati wa kuhariri, kumbuka kwamba mzee hakukuomba uchunguze ngozi yake. Na kama sebule haitoshi, mwambie mteja mapema kwamba picha ya nyumba au ya familia nzima hutaweza, ili atafute mwingine. Mimi sikusema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mambo ya vifaa.

Lakini kama una fedha ya lenzi moja na kazi yako ni watu, usianze na makro. Kwenye kamera kama yangu, lenzi ya milimita 35 inampata mtu aliyesimama mzima kwa umbali usiofika mita 3. Ile ndogo inayokuja na kamera, ukiiweka milimita 18, inaipata familia ya upana wa mita 4 kwa mita 3 na kidogo. Lenzi nyepesi ya milimita 50, f/1.8, ambayo kwa kawaida ni ya bei nafuu kuliko makro, inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayokuonyesha kinyweleo cha kiwavi, na hakuna mteja wa harusi aliyewahi kuniomba kinyweleo cha kiwavi.

Siku hizi nikifika kwa mtu, naomba kwanza anionyeshe nyumba, na anachonionyesha nakipiga palepale, yeye akiwa kando yake, kabla ya kumwambia akae. Uso unasubiri hadi mwisho. Wewe unayepanga kununua lenzi, chukua futi, ingia sebule mbili tatu za watu unaowapiga, pima kutoka ukuta hadi ukuta. Nenda dukani na namba hizo.